Jiwe Lililokataa Kuwa Chokaa

Fundi Mikidache wa Mutsamudu alikuwa mchoma chokaa. Kwa miaka ishirini na miwili aliokota matumbawe makavu ufukweni, akayapanga juu ya magogo na kuyachoma mpaka yakafaa kupigia kuta. Shule aliyosoma ni ya Kurani tu, lakini mawe aliyajua kwa ulimi. Alilamba kipande, akatazama jiwe linavyonyonya mate, kisha akasema litatoa chokaa nzuri au mbaya. Hakuna aliyekumbuka siku aliyokosea.

Mwaka 1983, miaka mitano tangu mamluki wa Kizungu washuke visiwani na kuipindua serikali, saruji ilikuwa imekwisha kuchukua nusu ya kazi yake. Kwa hiyo Mikidache alifurahi sana wakati Saïndou, msimamizi wa ukarabati wa msikiti wa mtaa wao, alipomwagiza chokaa ya ukuta mzima wa mbele.

Alikwenda kutafuta kuni kwenye kilima cha nyuma ya mji wa Ouani. Huko, katikati ya mikarafuu, aliona mwamba mweupe umetokeza ardhini. Kisiwa chao kimezaliwa na volkano, na kila jiwe la mlimani ni jeusi au jekundu. Huu ulikuwa mweupe kama chumvi, wenye chembechembe zinazometa juani. Mikidache aliulamba. Ulikuwa baridi na haukunyonya mate hata kidogo. Ishara hiyo mbaya aliiona, lakini weupe ule ulimshinda. Alijiambia kwamba ni matumbawe, na kwamba bahari ilifika mpaka pale wakati wa gharika ya Nabii Nuhu.

Jioni alilitangaza jambo hilo kwenye bangwe, uwanja ambapo wanaume wa mji hukaa kuzungumza. Kesho yake watu wakapanda kwenda kuona. Wanawake wawili walichukua vipande vya kuweka chini ya mito ya watoto wao kwa ajili ya baraka.

Alivunja mawe ya mwamba ule akayachoma siku mbili. Siku ya tatu, kama ilivyo desturi ya wachoma chokaa, aliyamwagia maji mbele ya watu. Matumbawe yaliyoiva huunguruma, hutoa mvuke na kubomoka kuwa unga. Haya hayakusema kitu. Maji yalitiririka juu yake yakaingia mchangani, nayo mawe yakabaki mazima na meupe, kana kwamba hayakuwahi kuuona moto.

Saïndou alisogea akagusa moja kwa kidole cha mguu.

"Fundi, hili tanuri ni la chokaa au la kuotea moto?"

Watu walicheka. Kisha Saïndou, bila kucheka, akasema kwamba msikiti hauwezi kusubiri. Kama moto wa Mikidache umepoa, atanunua saruji, na atanunua siku zote. Alimpa mpaka Ijumaa ya tatu.

Mikidache hakula usiku huo. Kejeli alizizoea. Kilichomtesa ni kwamba yeye mwenyewe hakujua kama walikuwa wamekosea. Mkewe, Rahmati, alimsikiliza mpaka akaishiwa maneno.

"Kama ni moto, acha kazi," alimwambia. "Kama ni jiwe, nenda ukaulize ni jiwe gani."

Mpwa wa Mikidache, Kamardine, alikuwa akifundisha sayansi katika shule moja ya sekondari huko Moroni, mji mkuu, katika kisiwa kingine. Mikidache alifunga vipande viwili katika kikoi, kimoja cha mlimani na kimoja cha matumbawe, akapanda meli.

Katika bandari ya Moroni askari wa gadi ya rais walikuwa wakipekua mizigo. Mkubwa wao, mmoja wa wale mamluki, Mzungu mwenye sare nyeusi, alikifungua kikoi, akadhani amefichiwa kitu ndani ya mawe. Alichomoa kisu akakwaruza la kwanza. Matumbawe yalichimbika, unga ukamwagika. Akakwaruza la pili kwa nguvu zake zote. Jiwe halikuchimbika. Mstari wa kijivu ulibaki juu yake, na huo ulikuwa chuma cha kisu. Mzungu akaitazama ncha ya kisu chake, akamrudishia mzee mawe yake, akaita mtu mwingine.

Mikidache alisimama pale gatini akisukumwa na abiria. Ndipo alipoelewa kwamba hajawahi kulijua jiwe hili.

Kamardine alimpokea kwa heshima, akamchukua mpaka chumba cha maabara. Alidondoshea matumbawe asidi, yakatoa povu. Alidondoshea jiwe jeupe, tone likakaa tu kama umande. Kisha alilitazama kwa kioo cha kukuzia, muda mrefu. Mwishowe akampa mjomba wake kioo.

Mikidache aliona punje za mchanga, maelfu, zimeshikamana kama wali uliogandana. Kamardine alimweleza kwamba mchanga wa namna hii huletwa na mito mikubwa ya bara, na huchukua umri usiohesabika kugeuka mwamba. Volkano haiwezi kuutengeneza.

"Sasa umefikaje mlimani kwetu?"

"Sijui, mjomba. Nadhani ulikuwa chini, na kisiwa kilipozaliwa kikaupandisha. Nijualo ni kwamba jiwe hili ni kongwe kuliko kisiwa chenyewe."

Mzee aliliweka mezani taratibu, kwa mikono miwili, kama mtu anayelaza mtoto mchanga.

Alirudi Mutsamudu siku mbili kabla ya Ijumaa ya tatu. Kamardine alikuwa amejitolea kumwandikia barua ya ushahidi, naye akakataa. Alisimama kwenye bangwe akasema kwamba moto wake haukuwa na kosa. Mwenye kosa ni yeye, kwa sababu ulimi ulimwonya na hakuusikiliza. Kisha akawaeleza alichokiona ndani ya kioo. Hakuna aliyecheka.

"Umesema umekosea," Saïndou alisema. "Mbele za watu wote hawa."

"Nimekosea."

"Basi choma matumbawe, fundi. Saruji itangoja."

Alfajiri Mikidache alipanda tena kilimani na wapagazi wanne kuleta kuni. Njia fupi ya kuteremkia ilipita juu ya ule mwamba mweupe, na wapagazi wote waliukanyaga na mizigo yao. Yeye alivua makubadhi kama mtu aliyefika mlangoni pa msikiti, akauzunguka kwa upande wa juu, kwenye miiba, na gogo begani.