Gagulo la Loisi

Elieth wa Ipagala hakuwa mwanamke wa kuibiwa. Vitenge alivyouza sokoni Majengo alivifuata mwenyewe Nairobi, na tangu maduka ya kubadilisha fedha yaruhusiwe na dola kuwa kitu cha kununua mchana kweupe, hakuna kibaka wa stendi, wa huku wala wa ng'ambo ya Namanga, aliyewahi kuonja senti yake. Wenzake walifunga hela pembeni mwa khanga, wakazitia kwenye soksi, mmoja akazificha ndani ya mfuko wa karanga kisha akawagawia abiria karanga. Wote walirudi wanalia.

"Mnajipapasa mno," aliwaambia. "Mwizi hana haja ya kukupekua. Anaangalia tu mkono wako unakokwenda."

Dawa yake ilikuwa mtu asibebe hela yake. Yeye na Loisi, muuza vyombo aliyetoka Busi kule Kondoa, walishonea dola kwenye mapindo ya magagulo waliyovaa ndani ya sketi, kisha Elieth akavaa za Loisi na Loisi akavaa za Elieth. Hela ya mwenzio huipapasi, unaona aibu. Kila asubuhi kabla ya kutoka gesti waliulizana.

"Zangu zipo, da Eli?"

"Zipo. Na zangu?"

"Zako nimeshazinywea chai," Loisi alikuwa akisema, nao walikuwa wakicheka mpaka mpangaji wa chumba cha pili anagonga ukuta.

Safari ya mwisho hawakununua hata kijiko. Walipofika tu Nairobi Loisi alianza kutetemeka. Alichomwa sindano, akameza vidonge, homa haikusikia. "Nirudishe kwetu," akasema, na Elieth akampakia kwenye basi. Walivuka mpaka, wakapita Arusha, wakapita Babati. Hapo ndipo kichwa kilichokuwa kimelala begani mwa Elieth kilipogeuka kizito kuliko usingizi.

Elieth hakumwambia kondakta. Angesema, wangeshushwa porini. Alimfunika Loisi khanga, na kila aliyegeuka kuuliza hali ya mgonjwa alimjibu, "Amelala." Mpaka Kondoa alikuwa akimsemesha, akimwonyesha vilima, ili watu wasishtuke. Nadhani huko ndiko mazungumzo yao yalikoanza kukataa kwisha.

Busi hakuna aliyemjua Elieth. Alikaa mkekani karibu na mlango wakati wanawake wakimwosha marehemu ndani, na akasikia mmoja akimwambia Dorothea, mama mzazi wa Loisi, kwamba pindo la gagulo lina kitu kinakwaruza.

"Ni jasho lake," Dorothea akasema. "Mkifumua sasa hivi, ndugu zangu watapigana juu ya maiti. Mwacheni aende nalo."

Ulimi ulionyamazisha soko zima ulimganda Elieth kinywani. Angesemaje? Kwamba amewaletea mtoto wao amekufa, na sasa anadai gagulo? Akafuata jeneza. Kabla kaburi halijafukiwa, wazo likamjia ambalo mwenyewe alilichukia: zangu kaenda nazo, zake ninazo, basi tumelipana.

Hawakulipana. Aliporudi Ipagala alikunja gagulo lake, dola za Loisi zikiwa pindoni, akalisukumia chini kabisa ndani ya sanduku. Sokoni, akiwa anapima kitenge, jua la saa sita, sauti ikaja nyuma ya bega lile lile. Haikuwa na hasira. Iliuliza kama mtu anavyoomba chumvi.

"Zangu zipo, da Eli?"

"Zipo," Elieth akajibu kabla hajajizuia. Mteja akaacha kitenge akaondoka.

"Unaongea na nani?" Mishi wa meza ya jirani akauliza.

"Na madeni yangu."

Ikawa kila siku. Alikwenda kanisani akaombewa. Sauti ilisubiri kwa adabu mpaka amina, ndipo ikauliza. Wateja wakaanza kupita mbali na meza yake. Mtaji umezikwa, na zile dola za sandukuni kila alipoinua wembe afumue, mkono uligoma. Ulezi ulipovunwa akapanda lori la Kondoa.

Alimkuta Dorothea akipeta ulezi uani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekonda."

Elieth akatoa gagulo, akafumua pindo, akaweka dola mbele yake. "Za Loisi."

"Za Loisi amezikwa nazo. Nilikataza mwenyewe."

"Zile ni zangu, mama. Tulikuwa tunabebeana, yeye zangu, mimi zake, tusiibiwe. Sasa ananiuliza zake. Kila siku ananiuliza."

Ungo ukasimama. "Ulikuwa umekaa mlangoni. Ulinisikia."

"Nilikusikia."

"Ukameza."

"Ningesemaje, mama?"

"Ungesema tu. Tungekutukana, halafu tungefumua." Dorothea akazichukua zile noti, akazifunga kwenye khanga yake. "Umemlaza mwanangu na amana ya mtu aliye hai. Atapumzikaje, na kazi ya kuchunga haijaisha? Zake nimepokea. Zako sichimbui. Nenda ukamwambie hazina mwenyewe tena."

Kaburi lilikuwa nyuma ya zizi, mawe yamepangwa, majani yameanza kuota katikati. Elieth akasimama hapo. Ile sehemu ya kwanza ilikuwa nyepesi: "Za kwako nimemfikishia mama." Ya pili haikuwa hivyo. Pale chini palikuwa na miaka yote ya kuchuchumaa juani tangu mume ahamie kwa mwingine, na yeye hajawahi kumwachia mtu hata senti.

"Za kwangu," akasema, "ni zako. Usizichunge tena."

Akasubiri. Begani alihisi ule uzito wa basini, pale pale, kama mtu anayesikiliza asiamini.

Akarudi uani.

"Umemwambia?" Dorothea akauliza.

"Nimemwambia."

"Kwa moyo?"

Elieth akatazama njia ya kwenda barabarani. Lori lilikuwa linapiga honi kule chini, abiria wanaitwa.

"Sijui, mama."

Dorothea akamsukumia ungo wa pili. "Basi kaa hapa mpaka ujue."

Elieth akavua viatu, akakaa, akaanza kupeta.