Salamu za Mkumbi Ndani ya Ukumbi wa Kuala Lumpur

Mama alikuwa shambani kwetu Mkumbi, ameinama anapanda maharage juu ya kingo za ngoro, yale mashimo yetu ya kilimo cha mlimani, nilipompasulia habari kwamba nimealikwa Malaysia kwenye mkutano wa wasomi wa vyombo vya habari na mawasiliano ya kompyuta barani Asia. Nilitegemea vigelegele. Yeye alijinyoosha taratibu, akashika kiuno, akauliza jambo moja tu.

"Ukifika, nitajuaje kwamba umefika?"

"Nitakuambia, mama."

"Utaniambiaje?"

Nikaanza kuhesabu njia. Simu ya karibu ilikuwa Mbinga mjini, nayo siku nyingi ilikuwa imekufa. Za mkononi tulizisikia kwa wenzetu wa Dar es Salaam tu. Mama akanikazia macho. "Si ndicho unachokwenda kuongea na wenzako huko? Mawasiliano? Basi anza na mimi." Akainama tena kwenye maharage yake.

Siku zile nilikuwa mwalimu wa sekondari mwenye kiherehere cha kutosha kijiji kizima. Kila kitu kilikuwa kinafunguliwa. Wanunuzi binafsi wa kahawa walipandisha magari yao mpaka mlangoni kwa mkulima, mitumba ilimwagwa chini sokoni kila gulio, na redio za watu binafsi zilichipuka kama uyoga. Redio hizo zilikuja na kadi za salamu, na kadi za salamu ndizo zilizonipeleka Malaysia.

Kwa asiyezikumbuka: ulinunua kadi dukani, ukajaza wote unaowasalimu, ukaongeza ujumbe chini, ukaipeleka studio, na jioni mtangazaji akaisoma kwa sauti ya mbwembwe. Watu wa mjini walizicheka. Kwetu zilifanya kazi nzito. Mama yangu mdogo, aliyeolewa Mbamba Bay, alikuwa akimsalimu mama, kisha majirani wa mama, kisha wanawake wa sokoni Mbinga, na mlemle kwenye salamu akawaarifu kwamba usipa umekubali kuvuliwa na gari litapanda kesho. Usipa wenyewe, samaki wadogo wa ziwa, ulifika ukakuta wateja wameshapanga foleni. Hayo ndiyo niliyoyaandika. Dada aliyesimamia chumba cha kompyuta pale Songea aliniona nikidonoa herufi kwa kidole kimoja, akanihurumia, akaniandikia na kunitumia muhtasari wangu hadi Asia. Walipojibu "njoo", tulirukaruka wote wawili mpaka wateja wengine wakatoka nje kutushangaa.

Kwa hiyo mpango wa mama niliupanga na dada huyohuyo. Nikifika, nitamwandikia. Yeye atachapa karatasi na kumpa kondakta wa basi la Mbinga, kondakta ataifikisha kwa katekista wetu, na katekista ataisoma Jumapili kwenye matangazo baada ya Misa. Mama alipoisikia njia yote hiyo, alitikisa kichwa kwa kuridhika. "Hapo sasa umesema," akaniambia, na akanifungia unga wa mahindi kwenye begi, eti huko huenda hakuna.

Kuala Lumpur nilifika nikiwa kama niliyelewa. Nilipanda lifti na kushuka nayo bila shughuli yoyote, mpaka mlinzi akaanza kunisalimu kama mfanyakazi mwenzake. Ukumbi ulikuwa na zulia nene na ubaridi wa Mbinga mwezi wa saba. Na kahawa! Mimi mtoto wa mibuni, niliyechuma kahawa tangu sijaota meno ya ukubwani, nyumbani kwetu tulikunywa chai. Kahawa ilikuwa ya kuuza. Pale waliimimina bure kila kona, nami nikasema leo ni leo, nikanywa kikombe baada ya kikombe hadi mikono ikatetemeka na moyo ukawa unapiga ngoma.

Katika hali hiyo nikaketi kwenye kompyuta ya wageni. Nyuma yangu kulikuwa na foleni ya maprofesa wanaokohoa. Nikaandika: "Nimefika salama. Mwambie mama." Nikabonyeza. Nilijiona nimekuwa mtu wa enzi mpya, maneno machache na kazi imekwisha. Nikaenda kuongeza kahawa.

Jibu lilikuja Jumatatu. Dada wa Songea aliandika: "Dada, mambo yameharibika. Katekista amesoma, na mama yako amekataa. Anasema aliyeandika si wewe. Amekaa kitako ndani, hali chakula. Majirani wameanza kuingia na kuni. Tafadhali andika tena, na uandike vizuri."

Nilicheka kwa sauti mle chumbani, kisha nikairudia kuisoma. Nilielewa palepale. Kwetu habari mbaya haisemwi waziwazi kwa mtu aliye mbali. Anaambiwa "njoo, mzee hajisikii vizuri", naye anafika na kukuta turubai limeshafungwa uani. Na habari yoyote, nzuri au mbaya, hutanguliwa na salamu. Ukimkuta mtu amekimbilia habari bila kuuliza umeamkaje, ujue anaficha kitu. Sasa mimi, binti wa mama huyo, mtaalamu wa salamu niliyevukishwa bahari kwa ajili ya salamu, nilikuwa nimetuma maneno manne makavu. Hakuna shikamoo. Hakuna maharage. Hakuna habari za kiuno chake. Mama alikuwa amepiga hesabu zake na kupata jibu moja: mwanawe amekufa, na kuna mtu mwema wa ofisini anajaribu kumtuliza.

Zamu yangu ya kuzungumza ilikuwa asubuhi iliyofuata. Mwenyekiti wa kikao alikuwa profesa mmoja kutoka Ufilipino, mama mtu mzima aliyekuwa akitembea kwa kuchechemea. Kabla yangu alizungumza kijana wa Korea, akatuonyesha kwenye ukuta mchoro wa jinsi ujumbe unavyoweza kuizunguka dunia kabla hujapepesa jicho. Watu wakapiga makofi. Mimi nikawa nawaza kuni zinazorundikwa uani kwetu, na hasira zikanipanda, si kwa kijana wa watu, ila kwa huo ujumbe wake wenye mbio.

Nikasimama. Nikasoma kichwa cha mada yangu na sentensi ya kwanza, kisha nikaweka karatasi mezani. "Samahani," nikasema. "Nyumbani wanadhani nimekufa."

Ukumbi mzima ukaacha kunywa kahawa. Nikawaeleza yote: katekista, kondakta, kuni. Nilipofika kwenye maneno yangu manne, profesa mmoja mzee aliyekaa mbele, naye wa Korea, alishika kichwa kwa mikono yote miwili. Hata kwao, akasema, mama angekataa. Daktari mmoja wa Kihindi kutoka Kerala akapaza sauti kwamba mama yake angekwenda polisi. Basi ukumbi ukalipuka kwa vicheko, nami nikacheka huku machozi yananitiririka.

Mwenyekiti akagonga meza. Alikuwa na saa ndogo ya kupimia muda wa wazungumzaji, akaifunika kwa leso yake. "Andika hapa hapa," akaniambia. "Tutazame inavyoandikwa."

Nikachukua karatasi ya plastiki ya kuwekea kwenye projekta, nikaandika kwa kalamu ya wino mbele yao, maandishi yangu yakawa makubwa ukutani kama tangazo la sinema. Niliandika na kutafsiri, niliandika na kutafsiri. Ilikwenda hivi:

"Salamu hizi ziruke milima na maziwa zimfikie mama yangu mzazi pale Mkumbi. Shikamoo mama. Kiuno kinaendeleaje? Maharage ya ngoro za juu yameota, au ndege wameyafukua? Beberu mweusi bado anakula nguo kwenye kamba? Salamu zimfikie mama mdogo pale Mbamba Bay na nyumba yake yote, nikiuliza kama usipa umekubali. Zimfikie mama mkubwa wa nyumba ya juu, bibi wa ng'ambo ya mto pamoja na jicho lake, mama anayetuuzia mafuta ya taa, katekista wetu na kondakta, na wote walioleta kuni. Mimi nimefika salama, nakula, nalala, unga wako bado sijaugusa. Nimekunywa kahawa, mama, na ni chungu. Ujumbe unasema: kuni zisichanjwe, narudi."

Nilidhani nimemaliza. Mwenyekiti akainua mkono kama mwanafunzi. Je, yeye hawezi kumsalimu? Nikamwambia anaruhusiwa, tena akimruka ni ugomvi. Basi akamtumia mama salamu, akamweleza kwamba na yeye goti linamsumbua tangu mvua zianze. Kijana wa Korea akanyanyuka na uso mwekundu: mama yake anauza kabichi sokoni, anaamka na giza, na yeye hajamwandikia tangu atoke nyumbani. Daktari wa Kerala akauliza kama kahawa ya Mkumbi inapata kivuli, maana kwao wanapanda pilipili manga katikati. Watu wakapanga mstari mpaka mlangoni. Watu wa kikao kilichofuata chetu walikuwa wanatugongea tuwapishe, na mwenyekiti akawafokea kwamba kuna msiba unazuiwa humu.

Dada wa Songea aliyapokea maandishi yale, niliyomchapia pamoja na salamu zote za mstarini, na safari hii hakutaka kusikia habari ya kondakta. Aliyapeleka mwenyewe studio. Alinisimulia baadaye kwamba mtangazaji alilazimika kusimama katikati anywe maji, na kwamba sokoni Mbinga watu walitoka madukani wakaja kusimama karibu na redio zilizokuwa zimewashwa. Kule Mkumbi, mama alikuwa ndani, amelala kifudifudi, jirani alipoingia na redio mikononi inaendelea kusema. Mtangazaji alipofika kwenye beberu na nguo za kwenye kamba, mama aliinuka, akaomba ugali. Zile kuni hazikurudi kwa wenyewe. Walizipikia, wakala usipa wa mama mdogo mpaka ukaisha, wakaimba nyimbo za kanisani na nyingine zisizo za kanisani kabisa.

Nami nikarudi. Nilishuka barabarani na begi langu, nikapanda kilima nikiwa nakaribia kukimbia, kichwa kimejaa mambo ya kusimulia, lifti, zulia, bahari iliyoonekana dirishani mwa ndege. Mama alikuwa amesimama mlangoni. Nikafungua mikono. Akanyoosha kiganja mbele, nikasimama.

"Shikamoo mama," nikasema.

Hakuitikia. Alinitazama tu, midomo ameibana.

Nikaweka begi chini. "Kiuno kinaendeleaje, mama?"

"Kinaendelea vizuri."

"Maharage?"

"Yameota. Ya chini ndege wamekula kidogo."

"Beberu?"

"Amekula gauni langu la Pasaka."

Nikauliza habari za mama mdogo, za mama mkubwa wa nyumba ya juu, za jicho la bibi. Alinijibu moja moja, bila haraka. Kisha ikawa zamu yake. Yule mama mwenye goti anaendeleaje? Nikamwambia limepungua, ameanza kutembea vizuri. Na mtoto wa yule mama wa kabichi, amemwandikia mama yake? Amemwandikia. Na yule wa pilipili manga?

"Wote wazima, mama. Wanakusalimu."

"Niliwajibu," akasema. "Nilinunua kadi, nikawajibu wote redioni, kila mtu na swali lake. Walisikia?"

Redio ile haikufika hata Tunduru. "Nitawaandikia niwaambie," nikasema, na kweli niliwaandikia.

Akatikisa kichwa kukubali. Hakubakiwa na wa kumuulizia.

"Marahaba, mwanangu," akasema. Akaja akanikumbatia, na hapo ndipo nilipouhisi mwili wake wote unatetemeka.