Nilichomjibu Bibi Mwamini

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za ujana wangu, mwanangu, ni asubuhi moja ya mwaka wa tisini na tatu, hapa hapa mtaani Biryogo, nilipomjibu mwanamke mzee "ndiyo" mahali palipotaka "bado". Kaa vizuri nikusimulie. Najua una haraka, simu yako haijaacha kulia tangu uingie, lakini haraka ya namna hiyo ndiyo iliyoniponza.

Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili, mwenye cheti cha kompyuta cha wiki sita na majivuno ya miaka sita. Nilifanya kazi kwa Madame Zena, aliyekuwa na chumba cha kupiga chapa kando ya barabara. Watu walileta barua za kuomba kazi, kadi za harusi, matangazo ya msiba. Kompyuta ilikuwa moja tu, kaka yake alimletea kutoka Ubelgiji ikiwa imeshatumika, na watu walisimama mlangoni kuitazama. Mimi nilijifanya siwaoni, huku nimenyoosha mgongo.

Bibi Mwamini alikuwa mkunga. Nusu ya mtaa walizaliwa mikononi mwake. Kusoma hakujua, lakini kichwani mwake alikuwa na kila mtoto: jina la mama, jina la baba, siku aliyozaliwa, kama kulikuwa na mvua, nani alitanguliza miguu. Mtu akitakiwa karatasi ya kuzaliwa, na hana, alikwenda kwanza kumuuliza yeye. Basi alipoona ameanza kusahau vitu vidogo, mahali alipoweka chumvi, kama amekwisha kula, aliogopa. Akaja kwetu na mkeka wake.

"Idi," aliniambia, "weka hii watoto yote ndani ya mashini, mbele ya kichwa yangu kuchoka."

Kwa miezi mitano alikuja kila Jumatatu na Alhamisi. Yeye anasema, mimi nabonyeza. Aliwataja hata waliokufa siku ile ile waliyozaliwa. Mara moja niliuliza kwa nini tujisumbue na mtoto aliyeishi saa mbili. Akasema, "Huyu naye alikuja. Andika." Nikaandika. Tulikuwa hatujachapa hata ukurasa mmoja, maana utepe wa printa ulikuwa umekauka, tukasema tutachapa yote mwishoni.

Wakati huo ndipo Madame Zena akapata mfumo mpya wa kuendeshea kompyuta, wenye herufi za madaha ambazo wateja walizitamani. Ulikuja kwenye disketi nyingi. Shida ni kwamba vumbi letu jekundu lilikuwa limeiharibu sehemu ya kuingizia disketi. Unaingiza, inakoroma, inakataa. Unafuta, unapuliza, unaingiza tena, mara ya nne labda inakubali. Nikapata wazo, na nikajipongeza sana. Nitanakili disketi zote moja moja hadi kwenye diski ngumu, ile iliyo tumboni mwa kompyuta, kisha nitaianzisha kazi ya kusakinisha kutoka humo humo, bila kukatizwa na disketi hata moja.

Wazo lenyewe halikuwa baya, mafundi hufanya hivyo mpaka leo. Ila kabla ya kuanza unatoa kila kitu cha thamani kilicho ndani na kukiweka pengine. Watoto wa Bibi Mwamini walikaa kwenye diski ile ile. Kuwanakili kwenye disketi kungenila siku mbili nyingine za kupuliza vumbi, nami nilikuwa nimechoka kupuliza. Nikajiambia nitafanya baadaye.

Asubuhi hiyo Bibi Mwamini alikuwa ameketi pale pembeni kwenye mkeka wake, anangoja zamu yake. Aliona nahangaika, akauliza, "Idi, na watoto yangu? Iko pahali pengine pia?"

"Yego, Bibi," nikamjibu. "Ndiyo, iko."

Unajua jinsi tulivyolelewa huku. Mzee akikuuliza kama kazi imefanyika, unasema yego, anatulia, nawe unakwenda kuifanya kwa siri kabla hajagundua. Kumwambia "bado" ni kujitafutia maneno, tena ni kama kumvunjia heshima. Nilikuwa nimesema yego za namna hiyo maisha yangu yote, na nyingi niliziwahi. Hiyo sikuiwahi.

Nikaianzisha kazi. Ilikwenda vizuri ajabu. Katikati ikauliza kama isafishe diski na kuitayarisha upya. Mimi, bingwa wa wiki sita, nikadhani itasafisha sehemu iliyo tupu tu. Nikakubali. Ikasafisha yote. Iliwafuta watoto, ikafuta na zile disketi nilizonakili kwa jasho, kisha ikatafuta kipande kinachofuata cha kazi yake yenyewe isikione. Kioo kikabaki cheusi na mstari mmoja wa maneno: hakuna mfumo.

"Imekwisha?" Bibi akauliza.

"Bado kidogo, Bibi. Rudi wiki ijayo."

Basi nikaanza kuishi kwa hiyo wiki ijayo. Leo mashini inaumwa, kesho fundi hajafika. Hatimaye Madame Zena alichoka nami, akaenda kumweleza ukweli mwenyewe. Nilitegemea matusi. Badala yake Bibi alimtuma na ujumbe: "Mwambie Idi aje. Sina hasira. Mimi niko nakumbuka bado, tutaanza tena."

Sikwenda, mwanangu. Hapo ndipo panaponiuma. Kufuta kulikuwa ajali ya mtu mjinga, lakini kutokwenda nilikuchagua mwenyewe. Niliona haya, nikawa napita barabara ya juu ili nisipite mlangoni kwake, nikahamia hata msikiti mwingine. Ujumbe ulikuja mara tatu. Nilisema kila mara, "Yego, nitakuja." Ilipita miezi saba namna hiyo.

Mauaji ya Aprili ya tisini na nne yalinikuta Kabuga kwa mjomba, na kutoka hapo nikakimbilia Tanzania. Niliporudi, nyumba ya Bibi Mwamini haikuwa na mlango wala mtu. Jirani alinieleza kwa maneno machache, nami sitayarefusha.

Miaka mingi baadaye, nikiwa na duka langu mwenyewe, aliingia msichana aliyelelewa Batsinda na watu waliomwokota akiwa mchanga. Alikuwa ameambiwa alizaliwa Biryogo, basi. Akanisalimu kwa adabu, akasema, "Mzee, nasikia wewe ndiyo uko na kitabu ya Bibi Mwamini. Nilikuwa nataka jina ya mama yangu."

Labda niliwahi kulipiga jina hilo kwa vidole hivi. Sikulikumbuka hata herufi. Na mwanangu, nitakuambia kweli, "yego" ilinijia tena mdomoni. Nimwambie aje wiki ijayo, nimwelekeze kwa fulani. Nikaimeza.

"Hapana, binti yangu. Hakipo. Nilikifuta mimi, na nilipoitwa kukiandika upya sikwenda."

Akasema, "Kila mtu ananiambia yego, nenda kwa fulani, huyo anajua. Nimezunguka mpaka Kagarama. Wewe ndiye wa kwanza kuniambia hapana." Akanishukuru, akatoka. Alinishukuru mimi, na akaenda zake bila jina la mama.

Kwa hiyo nasaha yangu ni fupi. Ukiulizwa jambo ambalo hujalifanya, sema bado, hata kama anayeuliza ni mzee na sauti inakutetemeka. Na siku utakapoharibu, maana utaharibu, mwendee uliyemkosea siku hiyo hiyo, ukiwa na haya yako yote usoni. Usingoje haya iishe, haiishi, na yeye huenda asiwepo.

Mungu akujalie ulimi mwepesi wa kukiri na miguu myepesi ya kurudi. Na wote ambao umewahi kuwaahidi "nitakuja", akuwekee wakiwa hai mpaka ufike kwao. Amina.