Folda ya Wanawake na Kaka Yangu

Kaka yangu mkubwa hajanisamehe, na mimi sijamwomba msamaha.

Tuna duka la kupiga video za harusi hapa Nakivubo, ghorofani, juu ya wauza viatu. Duka ni la kaka, lakini wateja ni wangu. Sisi Wanubi, kwenye harusi wanaume wana upande wao na wanawake wana chumba chao, na humo chumbani mitandio inavuliwa, ngoma yetu ya doluka inachezwa mpaka sakafu inalia, bibi wa umri wangu anatikisa kiuno kama hajawahi kuzaa. Wanawake wanakubali kamera iingie humo kwa sababu moja tu: anayeishika ni msichana, na mimi nimekaa mlangoni, nimewaapia kwamba hakuna mwanaume atakayeona. Kusoma nilikomea darasa la pili. Mwalimu alikuwa na mkono mwepesi, mimi nilikuwa na mdomo mwepesi, tukashindwana. Kwa hiyo cheti cha kumwonyesha mtu sina. Nina neno langu. Likioza hilo, nikae nyumbani nichunge vifaranga.

Sasa, video zote zinakaa ndani ya kisanduku cheusi chenye vitaa, na kompyuta zote za duka zinachota humo, kama mtaa mzima unavyochota bomba moja. Fundi aliyekileta ni Mkongo, mtu wa adabu kupita kiasi, anakusalimu mpaka chai inapoa. Nilimwambia mbele ya kaka: folda ya wanawake, wanaume wa duka wasiweze kuifungua. Akabonyeza, akabonyeza, kisha akawaita wale wanaume wanaokata video, mmoja mmoja, wajaribu. Kila mmoja akakataliwa. Nikaridhika. Nikaenda nyumbani nikala samaki wa Ggaba, yule wa asubuhi, si hawa wanaolazwa kwenye barafu mpaka wanasahau ziwa.

Basi siku moja mama mmoja aliyehiji, hajati, akapanda ngazi zetu. Tulikuwa tumepiga harusi ya binti yake mkubwa.

"Hajati, karibu kiti..."

"Sijaja kukaa. Kaka yako jana ametuma wazee kwangu, wanamposea mwanawe binti yangu mdogo. Sawa, binti ni wa kuposwa. Lakini wanasifu nywele zake, eti zinafika kiunoni. Nani kawaambia? Mtoto wangu hajatoka nje kichwa wazi tangu avunje ungo. Alivua mtandio kwenye harusi ya dada yake, nawe umekaa mlangoni!"

Niliingia ofisini kwa kaka bila kubisha, hajati akanifuata.

"Umefungua folda ya wanawake?"

Hata hakukana. "Namtafutia mtoto mke. Kuna ubaya gani? Nimetazama kama baba."

"Baba wa nani?" hajati akasema nyuma yangu. "Wangu alishakufa."

Nikampigia simu fundi, akaja anahema. Nikamuuliza ilikuwaje akawafungia wote akamwacha huyu.

"Mama, ulisema wanaume wa duka," akasema, kofia mkononi. "Mzee si mwanaume wa duka. Mzee ndiye mwenye duka. Mkubwa anafungiwaje mlango?"

Kwetu nako ni vilevile, ndiyo maana siku ile hakuna aliyethubutu kumwita kaka ajaribu kama wenzake. Heshima yetu hii! Tunaiweka hata mahali ambapo haina kazi.

"Mfungie," nikasema.

"Nikimfungia atafungua mwenyewe, mama. Yeye ndiye msimamizi wa kisanduku, neno kuu la siri ni lake. Labda usimamizi apewe mtu mwingine."

"Nipe mimi."

Kaka akacheka, cheko lake lile la tangu utotoni, la kuninyang'anya mkate. "Wewe? Darasa la pili? Utaandika nini, a, e, i, o, u?"

"Nitaandika usichokijua wewe."

"Nimekuweka hapa kwa huruma tu, mwanamke usiye na mume."

"Basi nitoe. Nishuke hizi ngazi, na kila mwanamke atakayeniuliza kwa nini nimeacha, nimwambie. Wewe ubaki unapiga video za wanaume wakila pilau."

Alimtazama hajati. Hajati hakupepesa jicho.

"Kale, haya," akasema kaka, kama mtu anayetema mfupa, akaandika neno lake. Fundi akamwondoa kwenye usimamizi, akamnyima ruhusa ya ile folda, kisha akanisogezea kibodi niandike langu. Kaka alikuwa bado ananichungulia vidole.

"Geuka," hajati akamwambia. Akageuka ukutani, kwenye ofisi yake mwenyewe.

Nilipomaliza, hajati akataka kaka ajaribu kwa mkono wake. Akabonyeza. Kompyuta ikamwambia hana ruhusa.

"Tena."

Akabonyeza tena. Jasho lilimtoka puani.

Nikadhani tumemaliza, nikaagiza chai. Hajati akaikataa. "Sasa futa ya kwangu."

"Hajati, imeshafungwa, umeona."

"Jana pia ilikuwa imefungwa. Futa yote."

Humo alikuwamo mama yake mzazi akicheza, kikongwe wa meno mawili, aliyefariki baada ya harusi ile. Nilimkumbusha. "Hata yule?"

"Hata yule. Yeye pia kaka yako amemwona."

Fundi alinionyesha pa kubonyeza. Kazi ya kwanza ya usimamizi wangu ikawa hiyo. Hajati alisubiri mpaka folda yake ikatoweka, akashuka bila kuaga.

Kaka anasema mpaka leo kwamba nilimvunjia heshima mbele ya mgeni. Aseme. Wanawake bado wananiita, si wote. Yule binti mdogo ameshaolewa kwa watu wengine. Nimesikia doluka ilichezwa mpaka alasiri, na mlangoni alikaa hajati mwenyewe. Kamera haikuingia kabisa.