Daktari wa Behewa la Nne

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika mapema mno, nikasimama nje kando ya mapipa ya taka kwa sababu niliogopa kubonyeza kengele kabla ya saa moja asubuhi. Matroni, yaani mkuu wa nyumba ile ya kutunzia wazee, alinikuta hapo alipotoka kuvuta sigara. Akaniuliza kama nimepotea au nimekuja kazini. Nikasema nimekuja kazini. Akanipa aproni ya plastiki na glavu, na kabla hajanionyesha kitanda wala beseni akanifundisha kubisha hodi.

"Hata kama aliye ndani hasikii wala hasemi," alisema, "bisha, ngoja, halafu umwambie wewe ni nani na umekuja kufanya nini."

Nilikuwa na miaka thelathini na tisa, mtu wa Voi, na binti mmoja mdogo, Mercy. Tulipanga chumba Thamesmead, na hapo Thamesmead ndipo nilipo hadi leo, nimestaafu. Akina mama wa kanisa letu wameniomba niandike kumbukumbu za kazi kwa ajili ya vijana wanaoingia katika kazi hii ya kuhudumia wazee na wagonjwa, ambayo sisi hapa London tunaiita kea. Walisisitiza nisiache ile safari ya treni ya jangwani, maana wameisikia mara nyingi kutoka kwangu na wanaipenda. Nitaiandika. Lakini waliyoisikia siyo iliyotokea.

Nilikaa chini ya Matroni yule miaka saba. Alinifundisha shuka la kuteleza, kitambaa laini unachomwekea mgonjwa chini ya mgongo ili umsogeze bila kumchubua ngozi wala kujivunja kiuno. Alinifundisha mashine ya kuinulia, ambayo huendeshwa na watu wawili, kamwe si mmoja, hata kama mwenzako amechelewa na mzee analia. Alinifundisha makabidhiano: zamu inapokwisha, anayetoka humweleza anayeingia nani amekula, nani amekataa dawa, nani ameanguka. "Na makosa yako pia uyaseme," alikuwa akituambia. "Kama ulimsahau mtu chooni dakika kumi, sema."

Alipostaafu nikahamia kwa wakala anayepeleka wahudumu majumbani. Huko mkubwa wangu alikuwa Mratibu, bwana mwenye simu mbili ambazo hazikunyamaza. Alinituma nyumba hadi nyumba kwa basi: robo saa hapa kumwamsha mtu na kumpa chai, nusu saa kule kumwogesha. Ndiko nilikojifunza daftari la huduma, ambalo hukaa nyumbani kwa mgonjwa, nawe unaandika ulichofanya na ulichoona, saa na dakika, kisha unatia sahihi. Mratibu alisema maandishi yangu hata hakimu angeyaamini. Nilijivuna sana kwa maneno hayo.

Baada ya miaka minane ya mabasi akanipeleka Kenton, upande mwingine wa London, kwa Mzee Kanti, niwe mhudumu wake wa kudumu.

Mzee Kanti alikuwa mfamasia mstaafu, Mhindi wa Nakuru, mtoto wa karani wa reli. Alikuwa ameanza kusahau. Asubuhi aliweza kukutajia stesheni zote toka Mombasa hadi Kisumu bila kuruka hata moja. Alasiri akakuuliza mkewe, aliyefariki zamani, mbona hajarudi sokoni. Aliposikia mimi ni mtu wa Voi akaacha kabisa kuniongelesha Kiingereza.

"Mama Mercy," aliniambia siku ya kwanza, "Voi stesheni ilikuwa na chai nzuri kushinda zote. Wewe unaweza kupika hiyo?"

Binti yake, Hansa, ni wakili. Kiswahili anakielewa lakini hujibu kwa Kiingereza, kama Mercy wangu. Yeye ndiye aliyeleta wazo la treni. Kabla baba hajasahau kila kitu, alisema, nataka apande treni moja nzuri. Akachagua treni ya kifahari ya kusini mwa Afrika, jina silitaji, safari ya siku tisa inayokatiza jangwani. Nami ningekwenda naye, chumba changu kikipakana na chake.

Sikuwahi kuona treni ya namna ile. Vyumba vilikuwa na kitanda kamili na bafu la kuogea. Kulikuwa na behewa la kulia chakula lenye vitambaa vyeupe mezani, na mwisho kabisa behewa la vioo vikubwa la kutazamia nchi. Kila behewa la kulala lilikuwa na mhudumu wake. Letu lilikuwa la nne, na mhudumu wake alikuwa Petrus, mtu mzima wa miaka hamsini hivi, mzaliwa wa mji mdogo wa jangwa lile lile. Alimwita Mzee Kanti "baba" na kumkatia tofaa vipande vidogo bila kuambiwa na mtu.

Jioni ya kwanza nilivaa gauni la bluu alilonishonea Hansa. Mhudumu wa meza akanivutia kiti. Miaka yote ile nilikuwa nikiingia majumbani kwa mlango wa nyuma na kula chakula changu cha mchana ngazini, kwenye kopo la plastiki. Sasa mtu ananivutia kiti. Mjane mmoja Mwingereza aliyekaa mbele yetu alimtazama Mzee, akanitazama mimi, akauliza kwa upole, "Na wewe ndiye daktari wake?"

Mzee alikuwa anahangaika na supu, hakusikia. Nilikuwa na nafasi ya kusema hapana. Nikanywa maji kidogo, nikasema, "Naangalia afya yake."

Kesho yake asubuhi behewa zima lilikuwa likiniita Daktari. Niliitika.

Siku ya tatu tuliingia jangwani. Mchanga ulikuwa mwekundu kama udongo wa kwetu Taita, kisha ukageuka manjano, kisha ukawa mweupe wa kuumiza macho, na hakukuwa na kivuli chochote isipokuwa cha treni yenyewe. Mzee alikaa dirishani asubuhi nzima akiniita, "Mama Mercy, njoo uone!" kana kwamba mimi natazama mahali pengine. Baada ya chakula cha mchana akalala. Yule mjane akanitumia ujumbe kwamba yeye na rafiki zake wako behewa la vioo, wana maswali kuhusu magoti.

Ninyi mnaoanza kazi hii, mwenye ugonjwa wa kusahau haachwi peke yake mahali pageni, hata akiwa amelala. Nililiandika mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, kwenye mpango wake wa huduma. Nilifunga mlango polepole, nikamkuta Petrus ushorobani akikunja mataulo.

"Natoka kidogo," nikamwambia kwa Kiingereza. "Mwangalie Mzee."

"Siwezi, Daktari," alisema. "Tunasimama sasa hivi wageni washuke kuona mchanga. Lazima niwe kwenye ngazi, nishike mikono ya wanaoshuka. Kaa naye, nikimaliza nitakuita."

"Amelala. Hata robo saa haifiki."

"Tafadhali, Daktari. Mlango wake haufungwi kwa nje."

Nikapita.

Nilikaa behewa la vioo zaidi ya saa nzima. Niliwaeleza kuhusu magoti, niliyoyajua na nisiyoyajua. Wakaniuliza kuhusu hospitali ninayofanyia kazi, nami nikaisimulia hospitali, wodi zake, hata wauguzi wangu walio wavivu. Treni iliposimama niliwaona wageni chini, na miavuli, na vinywaji baridi kwenye sinia, na nikamkumbuka Mzee. Nisikilizeni vizuri hapa: nilimkumbuka. Kisha mmoja wao akauliza swali lingine, nami nikabaki nimekaa.

Honi ilipopigwa nikarudi behewa la nne. Kitanda cha Mzee kilikuwa kitupu, shuka limevutwa hadi mlangoni.

Alikuwa ameshukia mlango wa upande wa pili, ambako hakukuwa na ngazi wala mtu. Wafanyakazi walitawanyika. Mimi nilisimama kando ya reli nikiita jina lake, sauti haifiki popote. Petrus ndiye aliyemwona, mbali nyuma yetu, amekaa juu ya rundo la mataruma ya reli. Alikimbia, akarudi amembeba mgongoni. Mzee alikuwa amepoteza kandambili zake, nyayo zimeungua na kutoka malengelenge, midomo imepasuka. Kichwani alikuwa amevaa kofia ya kazi ya Petrus.

"Nilikwenda kuangalia kama baba ametoka ofisini," aliniambia.

Tulimpa maji kidogo kidogo, tukamfunga nyayo kwa vitambaa vyenye maji. Alipotulia, Meneja wa Treni alituita ofisini kwake, mimi na Petrus. Alikuwa mtu wa taratibu, na fomu mbele yake.

"Daktari," alisema, "mgonjwa ulimwacha na nani?"

Petrus alikuwa kando yangu, kichwa wazi, shati limelowa jasho. Nilifikiri juu ya Mratibu. Nilifikiri juu ya Hansa ambaye ni wakili. Nikasema, "Nilikwenda msalani dakika chache. Nilimwachia huyu, akakubali."

"Si kweli, bwana," Petrus alisema. "Nilimwambia siwezi. Nilimwomba akae."

Meneja akatutazama wote wawili, lakini hakukawia. "Daktari ana sababu gani ya kusema uongo?"

Akaandika, akanisogezea karatasi nitie sahihi. Mbele ya jina langu alikuwa ameandika "Daktari". Nililiona neno lile. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu, ningeweza kulikata kwa mstari mmoja. Nikatia sahihi chini yake.

Behewa letu likapewa mhudumu mwingine kwa siku zilizobaki. Nilikula chumbani, nikisema namwangalia mgonjwa.

Nyayo za Mzee zilipona baada ya wiki tatu. Asubuhi moja huko Kenton, nikimpaka dawa, akili yake ikiwa safi, aliniambia, "Yule bwana wa treni alinipa kofia yake. Jua kali, yeye akabaki hivi hivi. Ukiongea na yeye, mpe salamu." Nikasema nitampa.

Siku chache baadaye Hansa alisimama jikoni na barua kutoka kwa wenye treni, akanisomea kwa sauti. Waliomba radhi. Mhudumu aliyehusika, walisema, ameachishwa kazi.

"Angalau wamechukua hatua," Hansa alisema. "Sijui tungefanyaje bila wewe."

Nilikuwa nachuja chai. Nikasema, "Ndiyo."

Wakala alinisifu kwa jinsi nilivyomhudumia Mzee ugenini. Mzee alipofariki, miaka miwili baadaye, Mkurugenzi wa Mafunzo alinichukua niwafundishe wahudumu wapya. Somo langu lilikuwa utunzaji wa kumbukumbu. Nilisimama mbele yao mwaka baada ya mwaka nikiwaambia waandike ukweli wote, saa na dakika, na walinipenda. Siku ya kuniaga Mkurugenzi alisema sijawahi kuwa na doa. Watu wakapiga makofi, keki ikakatwa, nami nikaila keki ile.

Kustaafu kunakuacha na asubuhi ndefu. Kazini kulikuwa na mtu wa kuogesha, basi la kuwahi. Nyumbani nilikuwa na Petrus tu akilini. Mwishowe nilimweleza Mercy. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akanijibu kwa Kiingereza kwamba kulia hakumsaidii yule mtu, akafungua kompyuta. Ilimchukua siku mbili. Alimpata kwenye nyumba ya wageni katika mji wake wa kuzaliwa, anafungua geti na kumwagilia maua.

Nikampigia Jumamosi asubuhi. Nilibisha hodi, nikamwambia mimi ni nani, na kwamba sikuwa daktari hata siku moja.

"Yule mzee," alisema, "miguu yake ilipona?"

"Ilipona. Alikutumia salamu. Nilizikalia."

"Vizuri kwamba ilipona."

"Petrus, nilisema uongo juu yako."

"Hilo nalijua, mama. Mimi nilikuwepo." Nikasikia maji yakimwagika upande wake, kisha yakafungwa. "Asiyejua ni mke wangu. Aliiamini ile karatasi. Alisema daktari hawezi kumsingizia mtu asiyemjua. Alifariki akiamini nilimwacha mzee wa watu jangwani."

Nikamwuliza anataka nifanye nini.

"Andika," alisema. "Umwandikie kila aliyeisoma ile karatasi. Na wanangu. Andika jina langu lote."

Nimeandika. Wenye treni walijibu kwa mistari mitatu kwamba faili lilishafungwa. Nimewaandikia tena, na nitaendelea. Hansa alinitumia ujumbe wa neno moja, "Nimesoma," na tangu hapo hapokei simu zangu. Sina haki ya kumlaumu. Watu wa wakala nao nimewaambia wasitumie tena masomo yangu kwa jina langu. Na ninyi akina mama mlioniomba kumbukumbu, kama mtaona hazifai kuchapwa, nitaelewa.

Barua kwa watoto wa Petrus niliituma mwisho, kwa sababu ndiyo iliyonishinda zaidi kuandika. Binti yake mkubwa alinijibu mara moja tu. Alisema waliisoma mezani, ndugu wote wakiwepo, na kwamba baba yao aliinuka akatoka nje kabla haijafika mwisho.