Sweta Iliyokuja Doha

Mimi tangu utoto ni mtu wa kulalama. Mdogo wangu ni kinyume changu: hata akiwa na homa atakwambia ni uchovu tu. Mama anatujua vizuri, lakini safari hii alituamini sote wawili, na hapo ndipo nilipomponza mdogo wangu.

Ilikuwa Oktoba. Mama alituuliza kwenye kundi letu la simu, ambalo tumo sisi watatu tu, hali ya hewa ikoje huko tuliko. Yeye yuko Njombe, baridi anaijua. Mdogo wangu, anayepanga vifurushi kwenye ghala moja huko Warsaw, ndiye aliyejibu kwanza. "Huku joto, mama. Jua linawaka, watu wanakula aiskrimu barabarani. Wenyeji wanaita kiangazi cha akina bibi."

Mama alicheka sana. Mdogo wangu hakumwambia kwamba joto lenyewe ni nyuzijoto kumi na nne, wala kwamba milango ya ghala hukaa wazi kutwa malori yaingie.

Mimi nikajibu, "Mama, mwenzio naganda." Sikusema uongo. Nje, hapa West Bay, Doha, lami ilikuwa bado inachoma mpaka ndani ya viatu, na watu wakipongezana eti joto limepungua. Lakini mimi nashinda mapokezi ya hoteli, kiyoyozi kikinipuliza kisogoni. Ningeweza kumweleza hilo la kiyoyozi. Sikumweleza, kwa sababu nilitaka kupewa pole.

Nikapewa zaidi ya pole. Mwezi uliofuata mwenzetu mmoja wa hotelini alirudi kutoka likizo nyumbani na mzigo wangu: sweta nzito, rangi ya damu ya mzee, kola imepanda hadi kidevuni. Mama ana mtoto wa jicho. Kwenye ujumbe wa sauti alisema, "Hii ndiyo ya mwisho, mwanangu, mishono siioni tena. Nilitaka kumfumia mdogo wako, lakini yeye ana joto."

Nilikaa kitandani kwangu, mtaa wa Al Thumama, sweta magotini, jasho likinitoka, nikajiona mtu wa ovyo kabisa. Nikampigia mdogo wangu kwa video kumwambia naituma kwake. Alikuwa kituoni anasubiri basi, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi.

"Ivae wewe, dada. Mama akijua nilimdanganya hatalala. Huku bado kuna joto."

Kila neno lilimtoka na mvuke.

Kesho yake mama aliomba kuiona. Tulikuwa sote watatu kwenye simu. Nikaivaa, nikasimama, naye akasogeza jicho lake zima karibu kabisa na kioo.

"Sasa umepata joto?"

"Nimepata, mama," nikasema, na hilo nalo halikuwa uongo.

"Afadhali. Ningempa mdogo wako ingekaa tu kabatini."

Nikafungua mdomo nimwambie. Mdogo wangu akaniwahi.

"Kweli kabisa, mama," akasema.