Miguu Iliyokosekana Pichani

Muuzaji amenipa karanga za moto katika karatasi iliyoviringwa, na harufu ya karatasi iliyopata joto imenifikia kabla ya karanga zenyewe.

Utotoni, pale Lubumbashi, karatasi hizo zilikuwa kurasa za katuni za Kihispania. Masista wa parokia yetu walitoka Hispania, na katuni zao kuukuu walimpa mama aliyekaanga karanga sokoni. Maneno hakuna aliyeyajua, lakini picha tuliziramba kwa macho.

Siku moja ukurasa wangu ulionyesha mwanamke wa Kiafrika akisonga bukari, ugali wetu, amesimama wima, miguu yake haikuchorwa, mwiko kaushika kwa vidole viwili kama kalamu. Nikampelekea mama yangu nyumbani. Alikuwa ameketi akisonga bukari ya baba, aliyekaribia kurudi kutoka mgodini. Sufuria alikuwa ameiteremsha chini na kuibana kwa nyayo zake. Akacheka.

“Mwenye alichora hii hayaonaka mama yake anapika bukari. Nyungu itamuangukia!”

Nilishtuka. “Kumbe iko muntu mwenye alichora?”

“Unazani picha inajichoraka?”

Nikatafuta, nikaona pembeni sahihi ndogo kama sisimizi.

“Huyu muntu iko wapi? Nani anamupikiaka?”

Mama akauacha mwiko usimame ndani ya bukari. Akaitazama ile sahihi.

“Sijue.” Akanisogezea kipande cha mkaa. “Kamata makala, umuwekee huyu mama wa picha miguu.”

Karatasi ya leo ni nyeupe, haina kitu. Nimemwaga karanga mezani, nimeinyoosha, nimetoa kalamu. Nimeanza na miguu.